Dawa ya Picha

Senga Hajara alifariki mwezi uliopita kule Bwera, nami nikaitwa kutoka Kasese kwenda kumwosha. Senga kwetu ni shangazi, dada wa baba. Tulikuwa wanawake watatu katika chumba chake cha nyuma ya duka, na ndoo za maji, na kafuri, na sanda iliyokunjwa juu ya kiti. Dini inatuagiza kwamba mwenye kuosha maiti asitangaze alichokiona, na mimi sitangazi. Nitasema tu kwamba yule bibi wa msikitini aliyetuongoza, ambaye nadhani ameosha watu wengi kuliko aliowahi kuwasalimia, alisita alipofunua shuka. Akamtazama marehemu, akanitazama mimi usoni, kisha akasema, "Haya, mimina maji." Alikuwa ameelewa. Pale pale, nimeshika kopo mkononi, aibu ikanipanda mpaka masikioni, aibu ya zamani kabisa ambayo nilidhani tumeshaachana nayo. Maji nikayamwagia sakafuni badala ya kuyamwaga panapotakiwa, na yule bibi akanipokonya kopo.

Mwili wa marehemu ni siri ya Mungu. Uso wangu mimi ni wangu, na kuueleza sihitaji ruhusa ya mtu. Nauza vitenge hapa Kasese, na kila anayefika mezani kwangu anaona madoa mawili, moja kila shavu, yenye weusi unaoelekea kwenye bluu, mazito katikati na yamefifia pembeni. Watoto huuliza kwa mdomo, wakubwa huuliza kwa macho. Nimewajibu mengi: jiko la mafuta liliripuka, ni ugonjwa wa damu, ni mimba ya kwanza. Ya mimba ndiyo inayopendwa zaidi na wanawake, maana kila mmoja ana la kuongezea. Ukweli, nje ya wale waliokuwepo, sijawahi kumwambia mtu, mpaka usiku wa matanga nilipomwambia binti yangu Rehema, anayesomea famasia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha badala ya kunipa pole akaanza kunifundisha. Hiyo kitu, mama, inaitwa haidrokwinoni. Inatengenezwa kiwandani. Ina kazi nyingi: wenye viwanda vya plastiki huitia ili malighafi yao isigande kabla ya wakati, wenye mipira huitumia mipira isizeeke, wapiga picha wa zamani walisafishia picha zao, na daktari wa ngozi anaweza kuitumia kidogo kidogo kwenye madoa, naye akiwa macho. Ikizidi inaunguza. Ikikaa sana kwenye ngozi inageuka, inaleta weusi ambao hautoki tena. "Ni kitu kizuri ikikaa mahali pake," alisema, kwa ile furaha ya mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua. Nikamwambia nimeijua kabla yeye hajazaliwa, na jina lake nimelisoma mwenyewe, kwa macho yangu, nikalitamka kwa madaha.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilipelekwa Bwera kukaa na Senga na kumsaidia dukani, msichana mwenye cheti cha shule na Kiingereza cha kujidai. Duka lilikuwa kwenye barabara iendayo mpakani, na siku za soko watu walipita mlangoni tangu alfajiri, Wakonzo walioshuka kutoka milima ya Mahango na mafungu ya kahawa, akina mama kutoka Kongo na mabeseni kichwani, madereva wa malori wakitafuta chai. Senga aliuza mafuta ya kujipaka, sabuni, nywele za bandia, wanja, na krimu. Hasa krimu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa rafu, na uso wake ulikuwa mweupe kuliko shingo, na shingo nyeupe kuliko mikono, na viungo vya vidole vilibaki vyeusi kama alivyozaliwa navyo, kwa sababu hapo krimu haifui dafu. Kila mtu alijua. Hakuna aliyesema. Mteja akimtazama vidole, Senga aliviingiza chini ya meza bila kukatisha maneno. Hakujua kusoma. Krimu alizitambua kwa rangi ya kasha na picha ya mwanamke aliyechorwa juu yake.

Nyuma ya duka kulikuwa na chumba kimoja na kitanda kimoja tulicholalia sote wawili, na uani jiko la mkaa. Tulikula bundu, ule ugali wa muhogo unaovutika, kwa sombe, mboga ya majani ya muhogo, au makayabu, samaki wa chumvi waliotoka upande wa pili wa mpaka na harufu yao. Senga alikula akiongea, nami nilikula nikicheka. Nisidanganye: ulikuwa mwaka wa furaha kwa sehemu kubwa, na hilo nalo linaniaibisha. Ukuta wa chumba ulikuwa wa mbao, na upande wa pili wa zile mbao ndipo kilipokuwa chumba cha giza cha Baluku, fundi wa picha. Harufu ya dawa zake, kali na chachu, ilipenya katikati ya mbao ikachanganyika na ya mafuta yetu, mpaka leo siwezi kunusa siki nisimkumbuke Senga. Na maneno yake yalipenya vilevile. Baluku alikuwa na tabia ya kuongea na picha zinapotokea majini. "Toka, mama, toka, usiogope. Ehee. Sasa pua." Sisi tuko kitandani tunajiziba midomo tusisikike.

Baluku alipiga picha za vitambulisho kwa askari wa kambini, na hapo mlangoni pake tulipata sinema ya bure. "Afande, kidevu juu. Afande, usicheke, hii siyo ya arusi." Askari alijibu kwa sauti ya gwaride, "Piga, wewe raia, niko na kazi!" Baada ya askari walikuja wake zao, na wao walitaka kitu kimoja: watoke weupe. Baluku aliwatoa weupe. Siri yake alinionyesha mwenyewe siku nilipompelekea ndoo ya maji, maana alipenda kusifiwa. Chumba kilikuwa na tochi iliyofungwa kitambaa chekundu, na beseni tatu juu ya meza. Akatumbukiza karatasi tupu katika beseni la kwanza, akaitikisa taratibu, na usoni pa karatasi pakaanza kuota nyusi, kisha nywele, kisha mtu. Nilipiga kelele kama mtoto. "Hii dawa ndiyo inaleta nyeusi," akasema. "Ukitoa karatasi mapema, mutu anakuwa mweupe. Ukichelewa, anakuwa vile Mungu aliumba yeye. Na hiyo hakuna anataka kulipia." Kuna mmoja tu aliyeitaka. Alikuwa mke wa sajini, mwanamke mrefu wa kaskazini, mweusi wa kung'aa, alirudisha picha yake akaiweka mezani. "Huyu ni nani? Mimi nilikaa hapa kwa hii kiti. Toa mimi hivi hivi." Baluku alicheka, Senga alicheka, nami nilicheka kuwazidi wote. Yule mama aliondoka na picha yake ya pili, akaitia kifuani, hakututazama.

Yangu Baluku aliitoa kama malipo ya maji niliyokuwa nikimchotea. Senga alinivika hereni zake, akanifunga kitambaa, akasimama nyuma ya kamera akinipigia mbinja ili nitabasamu. Ilipotoka nilikaa nayo kwenye mwanga muda mrefu. Pua ilikuwa yangu, na macho, lakini rangi ilikuwa ya msichana wa kwenye kasha la krimu. Nikampenda yule msichana. Sikuwa nimewahi kujipenda namna ile, na nilijua kwamba niliyempenda si mimi hasa, na sikujali. Senga alinipokonya picha, akaitazama, akaibusu. "Mastula, mwana wange, hii ndiyo itakuoza."

Wala haikuchukua muda. Kulikuwa na ukoo mmoja wa wasafirishaji, Waislamu kama sisi, waliokuwa wakikaa Kilembe, na kijana wao Twaha aliendesha lori la saruji mpaka Butembo. Shangazi yake, Hajati Nuru, ndiye aliyekuwa akimtafutia mke, kwa sababu kijana hakukaa mahali pamoja zaidi ya kunywa chai. Senga akajitanda shuka lake zuri, akaenda Kilembe na picha yangu kwenye pochi. Alirudi jioni amechoka, akakaa kitandani akavua viatu. Nikamuuliza wamekataa? "Wakatae nini? Wamekubali mpaka nikaogopa. Hajati ameshika picha, amesema, 'Mimi nilikuwa natafuta mtoto wa rangi kama hii.' Amezungusha kwa majirani wote. Ameweka ukutani, Mastula. Picha iko ukutani." Kisha akanigeuza uso kuelekea dirishani, akanitazama vile anavyotazama bidhaa iliyorudishwa na mteja. "Picha iko sawa," akasema. "Ni wewe ndiyo bado."

Nimeyakumbuka maneno hayo miaka mingi, na kila mara najiuliza kwa nini hayakuniuma. Hayakuniuma hata kidogo. Niliyaona ni ya kweli, kama mtu akikuambia kamba ya kiatu imefunguka. Jioni ile ile nikapakwa krimu ya kwanza, ile iliyoletwa na mama mmoja wa Kongo aliyempelekea Senga mzigo kila siku ya soko na kuisifu kwa kinywa kipana: "Unapakala magaribi, asubuhi uko muzungu. Muulize bwana yangu." Baada ya wiki chache nikaanza kutoka. Ni Senga aliyeliita hivyo, kutoka, kama Baluku na picha zake. Kila asubuhi alinipeleka mlangoni kwenye mwanga akanisogezea kioo. Askari wakaanza kupunguza mwendo wakipita dukani. Wateja waliniuliza natumia nini, na Senga alinishika kidevu akawaonyesha, na kasha likauzika. Nilikuwa tangazo la biashara, na nilijiona malkia. Nilianza kuvaa mikono mirefu. Nilianza kutokwenda kuchota maji saa za jua. Mke wa sajini alikuja siku moja kununua sabuni ya kufulia, akanitazama, akasema, "Mtoto, wewe unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Akasema, "Haya," akachukua sabuni yake. Nilimchukia wiki nzima.

Kisha upande wa pili kukachafuka, na mpaka ukafungwa. Yule mama wa Kongo alipita mara ya mwisho mikono mitupu, akakaa kwenye gunia lake uani akanywa maji. "Batu beko nakimbia kule. Mupaka beko nafunga leo, kesho sijue." Senga alimuuliza habari ya watoto wake, wazima? Wazima. Halafu, kwa sauti ya chini, akamuuliza habari ya krimu. Yule mama alimtazama kama aliyeulizwa na kichaa, akaondoka. Tulikuwa na kasha moja limebaki, na likaisha. Sasa mtu aliyewahi kutumia zile krimu anajua: ukiacha ghafla, weusi unarudi, na unarudi na hasira. Ulianza kwenye paji la uso. Na wakati huo huo siku ya kwanjula, siku ambayo upande wa bwana unakuja rasmi kujitambulisha na kuomba msichana, ilikuwa imeshapangwa, ng'ombe ameshalipiwa, na watu wameshaalikwa mpaka wa Mweya kule mbugani. Senga alitafuta krimu Bwera nzima, akatuma watu Kasese, akarudi na mafuta ya nazi. Nililia sana. Sikulia kwa ajili ya Twaha, ambaye nilikuwa nimemwona mara moja tu kwenye kioo cha lori. Nilimlilia yule msichana wa kwenye picha, aliyekuwa akiniacha.

Katika hali hiyo nikampelekea Baluku maji, na mlango wake ulikuwa wazi, na jua liliingia mpaka kwenye rafu yake ya makopo. Mimi na cheti changu. Juu ya kopo moja la bati, lililochubuka rangi, palikuwa na neno refu la Kiingereza, na nikalisoma kwa sababu nilikuwa nasoma kila kitu, hata maandishi ya mabegi ya mbolea. Nikalisoma tena. Nikatua ndoo, nikakimbia nyumbani, nikachukua kasha tupu la krimu, nikaangalia yale maandishi madogo ya ubavuni. Neno ni lile lile, herufi kwa herufi. Niliingia dukani napiga makofi. "Senga! Dawa ya picha ya Baluku na dawa ya krimu ni dawa moja!" Nilimsomea kwa sauti, nikamwekea kidole chini ya kila herufi, na yeye asiyejua kusoma alinitazama kwa fahari kubwa, machozi yakimlenga. "Ona faida ya shule," akasema. Rehema ananiambia kwamba ndani ya lile kasha dawa ilikuwa chembe kidogo katika mafuta mengi, na ndani ya kopo ilikuwa yenyewe, tupu. Neno nililijua kusoma. Hilo la chembe hakuna aliyenifundisha, na sikuuliza.

Baluku alitoa bila kinyongo, akamfungia Senga katika karatasi kama chumvi. Aliona ni mzaha mzuri. "Sasa na mimi ni daktari," alisema. Hakuona ajabu, wala sisi hatukuona ajabu, kwamba kitu kinacholeta weusi kwenye karatasi tunakitaka kiuondoe kwenye ngozi. Senga alisema karatasi ni karatasi na mtu ni mtu. Akakoroga kwenye bakuli la maua tulilokuwa tukilia wali siku za Idi, na mafuta ya nazi, kwa mwiko. Alijipaka yeye kwanza. Lazima niliandike hilo, maana watu wa familia husema alinifanyia mimi. Alijipaka usoni na shingoni, akangoja, akafumba jicho moja, akasema, "Inawaka kidogo," kisha akanipaka mimi. Kidogo! Ilikuwa kama kuegemea sufuria. Nilitaka kunawa, akanishika mikono yote miwili, akanipepea kwa kifuniko cha kasha. "Vumilia, mwana wange. Ikiwaka ndiyo inafanya kazi." Tulikaa kitandani tukipepeana, zamu kwa zamu, na upande wa pili wa mbao Baluku anamwambia mtu fulani ndani ya beseni, "Toka, mzee, toka."

Siku ya pili ngozi ilikuwa nyekundu, ya tatu ikaanza kubanduka, na chini yake palikuwa papya na peupe kweli, weupe wa kutisha, tukafurahi. Tukapaka tena. Tukapaka mpaka karatasi ikaisha. Wiki ya mwisho kabla ya kwanjula, mashavu yakaanza kuiva. Yalipata malengelenge, yakapasuka, yakakauka, na palipokauka pakawa na weusi nisioujua, si ule wangu niliozaliwa nao. Paji la uso jekundu, pua ya waridi, mashavu haya. Senga naye alikuwa hivyo hivyo, ila yeye alijifunga mtandio mpaka machoni akasema ana mafua. Baluku aliponiona aliweka chini beseni alilokuwa amelishika. Alirudi ndani, akatoka tena, akasimama ameshika mlango. "Njoo nikupige ingine," akasema. "Nitakutoa vizuri. Kweli, nitakutoa vizuri kabisa." Ndiyo dawa aliyokuwa nayo, masikini, na nilikwenda nikakaa kwenye kiti chake, na alipoinua kamera nikashindwa kuinua uso.

Mtu atauliza kwa nini hatukuahirisha. Nimewauliza wote walio hai, na jibu ni aibu tu. Kuahirisha kulitaka sababu, na sababu ilikuwa uso wangu, na hakuna aliyekuwa tayari kuutaja. Nilipofika nyumbani Kasese, mama yangu alinipokea begi, akasema, "Umefika," akaenda kuniwekea maji ya kuoga. Baadaye niliona kioo cha sebuleni kimeondolewa kwenye msumari wake. Kwa nyumba nzima ile ndiyo ilikuwa kauli ya pekee. Wajomba walipanga viti, wapishi walichambua mchele, na Senga alinunua poda ya rangi nyepesi na mtandio mzito, akasema wakishanizoea hawataona. Twaha, niseme mapema, sikuolewa naye. Alioa mwaka uliofuata, msichana wa Fort Portal, na nasikia wana wajukuu. Mimi niliolewa baadaye na mwanamume aliyenikuta na uso huu huu, akaniuliza bei ya kitenge, hakuuliza kingine. Nimeishi vizuri. Nasema hivyo ili nisionekane naomba huruma kwa yale ya siku ile.

Kwetu siku ya kwanjula msichana hatolewi moja kwa moja. Wanatolewa wasichana makundi makundi, wanapiga magoti kwenye mkeka mbele ya wageni, na msemaji wa upande wa bwana anaulizwa, "Yupo?" Wanajibu kwa kelele, "Hayupo!" Watu wanacheka, wasichana wanapewa vizawadi, wanarudi ndani, linatoka kundi jingine, mpaka atoke mwenyewe na shangazi wa bwana asimame kumvika shada la maua. Ndani ya chumba nilisikiliza kupitia pazia. Kundi la watoto: hayupo! Kundi la binamu zangu: hayupo! Wageni walikuwa na furaha, nilisikia mtu mzima akicheka mpaka anakohoa, na pilau imenukia nyumba nzima. Senga alikuwa nje, amekaa na wanawake wa kwetu. Mtu akanisukuma mgongoni taratibu. Tukatoka watatu, mimi katikati, tumevaa gomesi za rangi moja, zile gauni ndefu za mabega yaliyochongoka, na jua la Kasese la saa nane likanishika kwenye mashavu, poda ikaanza kushuka na jasho.

Tulipiga magoti. Msemaji wetu akauliza. Hajati Nuru akainuka na shada lake mikononi, mama mfupi, mwenye huruma usoni, akapita mbele yetu polepole. Alimwinua kidevu wa kwanza, akatikisa kichwa. Akaja kwangu. Alisogeza mtandio kwa kidole kimoja, akainama. Nilikuwa nimeambiwa nisiongee, bibi-arusi haongei, na hata ningeruhusiwa nisingejua niseme nini. Pembeni Baluku, aliyelipwa kuja kupiga picha, aliishusha kamera akajifanya anatengeneza filamu. Yule mama alinitazama muda mrefu, na macho yake yakalainika. "Bambi, mutoto wangu," akaninong'oneza, watu wasisikie. "Nani alikuunguza hivi? Pole sana." Akanirudishia mtandio kwa upole, akaufunga vizuri nisionekane, akanipita, akamtazama wa tatu. Kisha akanyooka, akawageukia watu wake, akainua shada juu, na kwa sauti ya furaha kabisa akasema, "Hayupo!"

Wageni wakapiga makofi. Wanawake wa upande wao wakapiga vigelegele. Wale wawili walionizunguka walibaki wamepiga magoti, hawajui wafanye nini, maana nyuma yetu hapakuwa na kundi jingine. Nilimtafuta Senga Hajara kwa macho. Yeye ndiye aliyepaswa kusimama aseme ni huyu. Alinitazama, mdomo wake ukafunguka, kisha akashika ncha ya mtandio wake akajifunika uso wote. Makofi yalipungua. Msemaji wao alisema kwa mzaha kwamba wenyeji wanawachosha, wamtoe sasa mtoto, wamesafiri kutoka mbali, na Hajati Nuru akasimama na shada lake akiutazama mlango wa nyumba yetu, na Twaha akainua macho kwa mara ya kwanza akautazama mlango, na viti vyote vikageuka. Nikageuka nami. Nilikaa pale kwenye mkeka, nikautazama mlango pamoja nao, nikimngoja atoke.